Kutoka Lanet Hadi Mjini

Miaka ya themanini, kutoka Lanet kwenda Nakuru mjini kulimaanisha kugombania matatu ya Peugeot 404. Ndani tuliketi kwenye mabenchi, magoti yakigusana. Makanga alining'inia nyuma, akipiga bodi mara mbili tuondoke. Matatu hizo Rais Kenyatta aliziruhusu mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi. Jina hilo lilitokana na nauli ya zamani, mapeni matatu ya senti kumi. Mwaka 2004 waziri wa uchukuzi, Michuki, akatufunga mikanda: Nissan watu 14, hakuna kubanana. Mimi nilishukuru, magoti yangu zaidi. Kutoka steji hadi nyumbani nilibebwa kwa baiskeli, kiti cha sponji, mwendeshaji akihema vumbini. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo, mwendeshaji huyo naye akauza baiskeli, anunue pikipiki.