Ile Mita ya 1959 Bado Inahesabu

Kila mtu akiniuliza anunue printa gani ya biashara, huwa anataka jina la kampuni na bei. Mimi namrudisha hadi New York mwaka wa 1938. Najua inaonekana kama kuzunguka mbuyu, lakini nivumilie kidogo.

Chester Carlson alikuwa akifanya kazi kwenye idara ya hataza ya kampuni moja ya vifaa vya umeme. Siku nzima ni kunakili hati na michoro, na alichoka kabisa. Mnamo Oktoba 22, 1938, kwenye chumba kidogo mtaani Astoria, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa kitambaa mpaka likapata umeme tuli, ule unaosimamisha nywele ukivua sweta. Juu yake wakaweka kioo chenye maandishi, wakamulika taa, wakanyunyiza unga. Unga ukashika pale tu ambapo mwanga haukufika. Maandishi yalisomeka "10-22-38 ASTORIA". Mpaka leo, printa ya leza inatumia ujanja huohuo: umeme tuli, mwanga, unga, kisha joto la kuuyeyusha unga ushike karatasi. Unga huo ndio tona.

Makampuni mengi makubwa yalimkataa Carlson. Aliyekubali ni kampuni ndogo ya Rochester iliyoitwa Haloid, ambayo baadaye ikawa Xerox. Mwaka wa 1959 ikatoa mashine ya kunakili, Xerox 914. Ilikuwa na uzani wa karibu kilo 300 na gharama ya kutisha. Nani angeinunua? Basi Xerox wakaamua kuikodisha: dola 95 kwa mwezi, kopi 2,000 za kwanza zikiwa ndani ya kodi, na baada ya hapo unalipia kila kopi. Ndani ya mashine kulikuwa na mita ya kuhesabu. Maofisi yalinakili kupita matarajio ya kila mtu, na Xerox ikatajirika kwa senti za ukurasa mmoja mmoja.

Leza iliingia baadaye kidogo. Gary Starkweather, mhandisi wa Xerox, alitaka mashine ichore ukurasa moja kwa moja kutoka kwa kompyuta. Mkubwa wake hakutaka hata kusikia. Mwaka wa 1971 akahamishiwa kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, California, na kabla mwaka kuisha alikuwa na mashine inayofanya kazi. Xerox 9700, iliyouzwa kuanzia 1977, ilitoa kurasa mbili kwa sekunde, lakini hiyo ilikuwa ya mashirika yenye hela ndefu. Duka dogo lilianza kufikiriwa mwaka wa 1984, HP walipotoa LaserJet ya kwanza kwa dola 3,495, ikiwa na injini iliyotengenezwa na Canon.

Injini hiyo ya Canon ilikuja na katriji moja yenye tona na drumu pamoja. Tona ikiisha, unachomoa yote na kuweka mpya, bila kuita fundi. Raha kweli. Lakini kila tona ilipoisha, ulitupa na drumu na kulipia nyingine. Mita ya 1959 haikutoka. Ilihamia ndani ya katriji, na safari hii hukuiona ikihesabu.

Ndiyo maana vita vya miaka iliyofuata vilikuwa vya katriji. Kampuni ya Lexmark iliweka chipu za kuzuia katriji zake zisijazwe tena na watu wengine. Ikawashtaki waliozijaza, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka wa 2017 mahakama ikasema kwamba ukishauza kitu, huwezi kutumia hataza kumpangia mnunuzi atakavyokitumia. Chipu zenyewe hazikwenda popote. Wengine walichukua njia tofauti: Kyocera, kuanzia 1992, walitenganisha drumu na tona, drumu ikatengenezwa idumu muda mrefu na wewe ukabaki kununua unga tu.

Sasa turudi mtaani. Shangazi yangu ana kibanda cha kuchapisha Umoja: CV, fomu za basari, karatasi za marudio za watoto wa shule. Anatoza shilingi 10 kwa ukurasa, na chama kimemkopesha 45,000 anunue mashine. Tuchukulie mfano tu. Printa ya kwanza ni 15,000, katriji yake 8,000 na inatoa kurasa 1,600. Hiyo ni shilingi 5 kwa ukurasa, nusu ya anachotoza, kabla ya karatasi, stima na kodi. Ya pili ni 40,000, tona yake 9,000 kwa kurasa 7,200: shilingi 1.25. Tofauti ya bei ya mashine ni 25,000, na inarudi baada ya kurasa kama 6,700. Akichapisha 100 kwa siku, ni siku 67. Akichapisha 10 kwa siku, ni karibu miaka miwili, na hapo ile ya bei rahisi inaweza kumfaa.

Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, hesabu kurasa zako za wiki moja kwenye daftari. Kisha muulize muuzaji: tona ni pesa ngapi, inatoa kurasa ngapi kwa kipimo cha ISO 19752, drumu iko ndani au kando, na inabadilishwa baada ya kurasa ngapi? Chipu inakubali tona iliyojazwa upya? Katriji iliyo kwenye boksi imejaa, au ni ile ya kuanzia yenye unga kidogo? Hiyo tona inapatikana Nairobi kwa zaidi ya duka moja? Akijibu kwa kukuonyesha tena bei ya mashine, nenda duka linalofuata.