Konzo: siku tatu mu maji

Mu 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa kule Kwango: mtu analala muzima, anaamuka miguu imekazana. Wayaka wanauita konzo, ni kusema miguu iliyofungwa. Wengine walishitaki walozi. Watafiti waliokuja nyuma walipima unga na mukojo, wakakuta sumu ya sianidi ya muhogo muchungu. Wamama walizoea kuuloweka siku tatu. Barabara ya Kinshasa ilipotengenezwa, biashara ikakaza, wengi wakapunguza siku. Chakula ni kile kile. Zile siku ndizo zilikuwa dawa. Miguu ya konzo haiponi. Basi mbele ya kuharakisha kazi yoyote, tuulize kwanza: ule muda ulikuwa unatukinga na nini?