Staji ndefu ya wanafunzi wa famasia

Mwanafunzi wa famasia anaweza kujua kwa kichwa kila dawa, kipimo chake na madhara yake, na bado akashindwa kumsaidia mgonjwa aliye mbele yake. Ndiyo sababu masomo ya kazi hii yana sehemu inayofanyika nje ya darasa, ile ambayo sisi Kongo tunaiita staji. Nchi hazilingani katika urefu wake.

Marekani wamechagua staji ndefu. Zamani mfamasia wa hospitali alibaki katika chumba cha dawa, akipokea karatasi ya daktari na kutoa vidonge. Mwaka wa 1966, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, wafamasia walipanda hadi ghorofa ya tisa, kwa wagonjwa wa upasuaji, wakafanya kazi huko mchana na usiku pamoja na madaktari na wauguzi. Tangu hapo shule nazo zilianza kuwapeleka wanafunzi kando ya kitanda.

Leo anayesomea udaktari wa famasia huko hufanya kwanza saa zisizopungua 300 za kuonja kazi. Kisha, katika mwaka wa mwisho, saa zisizopungua 1,440, yaani majuma 36 ya kazi kamili. Anazunguka: famasia ya mtaani, famasia ya hospitali, wodi, na kliniki ya wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani.

Kwa nini muda wote huo? Tufikiri juu ya mgonjwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Anapata maambukizo, anaandikiwa metronidazole, dawa ambayo hata kwetu ni ya kawaida kabisa. Siku ya kwanza hakuna kinachoonekana. Baada ya siku chache nguvu ya warfarin imepanda, na mgonjwa anaweza kuvuja damu. Mwanafunzi aliyepita wodini asubuhi moja ameona karatasi mbili za dawa tu. Aliyekaa majuma ataomba damu ipimwe tena, atamwambia daktari, na kesho yake atarudi kuangalia.

Lakini urefu peke yake hautoshi. Panahitajika mfamasia msimamizi anayeuliza, “Wewe ungefanya nini?” kabla ya kutoa jibu. Akikosekana, mwanafunzi anageuka mtu wa kuhesabu vidonge bure, na kwa maoni yangu hiyo si staji. Mzigo mwingine ni fedha: mara nyingi wanafunzi hawa hawalipwi, huku karo ikiendelea.

Umoja wa Ulaya unadai kidogo zaidi: angalau miezi 6 katika famasia iliyo wazi kwa watu wote, au hospitalini, ndani ya masomo ya miaka isiyopungua 5. Marekani, majuma 36 yakiisha, kuna mtihani wa leseni, na wanaotaka kazi ya wodini mara nyingi huongeza mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini.