Waje Wao: Historia Fupi ya Migration Gravel Race

Juni 2021, barakoa zikiwa bado usoni na viwanja vya ndege vikidai vyeti vya kupimwa korona, wapanda baiskeli wa kulipwa kutoka Ulaya na kwingineko walijipanga mstari mmoja na vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda kule Maasai Mara. Kwa siku nne walikula vumbi kwa zaidi ya kilomita 600, nyingi zikiwa za changarawe, mawe na mapito ya ng'ombe. Ndivyo zilivyozaliwa mbio za Migration Gravel Race. Tangu hapo magazeti ya ng'ambo yamezieleza kama utalii wenye jasho: nyumbu, mashuka mekundu na machweo. Jina lenyewe, lililokopwa kwa uhamaji wa nyumbu, limechangia dhana hiyo. Lakini ukiutazama mwanzo wa mbio hizi kwa makini utaona kwamba waandalizi walikuwa na uhamaji mwingine akilini, ule wa binadamu. Kwa miaka mingi Mwafrika wa Mashariki aliyetaka kujua ana kasi gani kwenye baiskeli alilazimika kuwafuata wenye mchezo huo kwao. Shindano hili liliwaita waje wao, na kazi yake kubwa katika historia ni hiyo.

Haikuwa kwa kukosa miguu. Mwaka 2008 Nicholas Leong, mpiga picha wa Singapore, aliwapeleka Wakenya wawili Ufaransa wakaupande Alpe d'Huez, mlima wa kilomita kama 14 wenye kona 21 ambao kila mpenzi wa Tour de France anaujua. Zakayo Nderi alikuwa mpiga viatu rangi, na mwenzake Samwel Mwangi alikuwa wa bodaboda ya baiskeli. Nderi alifika juu kwa dakika zipatazo 42, muda ambao mtu aliyezoea kulipwa kwa kazi hiyo hauonei haya. Leong akaanzisha timu ya Kenyan Riders kule Iten, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwa dhati kwamba damu ya nyanda za juu imeumbiwa kukimbia kwa miguu tu.

Kikwazo kilikuwa katika namna mbio za lami zinavyoendeshwa. Kundi la watu 150 likienda kilomita 45 kwa saa, aliyejibanza nyuma ya mwenzake hutumia nguvu kidogo sana kuliko aliye mbele, kwa hiyo mshindi huwa yule aliyejua kukaa, kujificha na kuibuka. Ujuzi huo haufundishwi kwa maneno. Hupatikana kwa kushindana mara kwa mara, msimu baada ya msimu, bega kwa bega, na mbio zenyewe ziko Ubelgiji, Ufaransa na Italia. Ili uingie lazima uwe na timu, timu nayo inataka matokeo, na matokeo huyapati bila kuingia. Kabla ya yote hayo kuna dirisha la ubalozi. Christopher Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985 na kufunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne 2006. Mwaka 2008 akachukua leseni ya Uingereza, halafu akashinda Tour de France mara nne. Wakenya bado hubishana kama alitukimbia, ubishi mtamu lakini hautufikishi popote. La kufaa kuuliza ni hili: Kinjah aliwafunza wengi, na wengi hao hawakuwa na nchi nyingine ya kuombea leseni.

Mikel Delagrange, mwanasheria aliyeanzisha mradi wa Amani ulioandaa shindano la Mara, na Suleiman Kangangi, aliyekuja kuwa nahodha wa timu ya mradi huo, Team Amani, waliona kwamba changarawe inalegeza fundo hilo. Kangangi aliujua ugumu wa lami kwa ndani: alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda 2017 na kuendeshea timu ya Kijerumani ya Bike Aid. Katika mbio za changarawe anayelipwa na asiyelipwa huanza pamoja. Hakuna msururu wa magari ya timu yaliyobeba magurudumu ya akiba. Kundi husambaratika mapema, kwa kuwa mchanga na mawe havimpi mtu nafasi ya kujificha kwa muda mrefu. Mpanda baiskeli hupunguza upepo kwenye tairi pana ili lishike mchanga. Tairi lenyewe halina tyubu, na ndani yake mna maji ya gundi yanayoziba tundu la mwiba wa mgunga. Yasipoziba, anashuka na kuziba mwenyewe, huku wenzake wakitokomea. Aliyekulia kwenye barabara kama hizo haanzi akiwa nyuma. Mwaka 2022 John Kariuki alishinda shindano la Mara, Mwafrika wa Mashariki wa kwanza kufanya hivyo, na ilikuwa mara ya pili tu kufanyika. Waandalizi waliongeza baadaye shindano jingine Tanzania, Evolution Gravel Race.

Kuna wanaosema huu ni mchezo wa matajiri uliovishwa nguo za ukombozi. Baiskeli moja ya changarawe ya daraja la juu hugharimu pesa ambazo fundi baiskeli wa Malindi hazioni kwa mwaka mzima, na anayetoka Ulaya hulipia safari, hema na chakula. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Hata hivyo inachanganya mambo mawili. Gharama ya baiskeli ilikuwa kubwa vilevile kwenye lami, na juu yake kulikuwa na nauli, kodi ya nyumba ugenini na miezi ya kusubiri visa. Mbio zikifanyika nyumbani, gharama hizo za ziada humwangukia mgeni. Kinachobaki ni chuma na tairi, ambavyo timu inaweza kuvitafutia mfadhili. 

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Tarehe 27 Agosti 2022, Kangangi alianguka katika Vermont Overland, mbio za changarawe za siku moja nchini Marekani, akafariki akiwa na umri wa miaka 33. Mtu anaweza kusema: kama shindano la Mara liligeuza safari, nahodha wake alifuata nini huko? Jibu ni kwamba lilianza kugeuza, halikumaliza. Mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli lilianzisha ubingwa wa dunia wa changarawe, na wa kwanza ukafanyika Veneto, Italia. Fedha, kamera na mikataba vilikuwa bado upande ule. Mtu mmoja kufa ugenini akitafuta kupimwa na wakubwa hakuthibitishi kwamba kuwaita waje lilikuwa wazo bovu. Kunaonyesha pengo lilivyokuwa pana. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabarani ulifanyika Kigali, mara ya kwanza kwenye bara la Afrika. Huo ulikuwa wa lami na mawe ya kupangwa, ulioletwa na serikali yenye nia na pesa, na singependa kudai kwamba ni mtoto wa Mara. Lakini ni hoja ileile kwa kiwango cha taifa.

Tukiileta hoja hii huku Pwani ya Kenya, inakutana na swali la tatu, ambalo Mara haikuulizwa sana: je, kusherehekea vumbi si kuwasifia watu umaskini wao? Mkaazi wa Ganze anayemkimbiza mjamzito hospitali ya Kilifi anataka lami, basi. Majibu yako ng'ambo, na yanatoka mashambani. Huko Toscana, Giancarlo Brocci alianzisha L'Eroica mwaka 1997 kwa kuona barabara nyeupe za mashambani zikimezwa na lami. Kutokana nayo zikazaliwa mbio za kulipwa za siku moja, Strade Bianche, mwaka 2007. Barabara kuu za huko zina lami nzuri. Kilichotunzwa ni vipande, na njia ya mbio ina changarawe kwa takriban theluthi moja tu. Kule Bretagne, Jean-Paul Mellouët alianzisha Tro-Bro Léon mwaka 1984 kuchangia shule za Diwan, zinazosomesha watoto kwa Kibretoni, na akapitisha mbio kwenye njia za matrekta. Mbretoni anayetangulia wenzake hupewa nguruwe mchanga, zawadi ambayo Malindi ingezua kesi. Hakuna kati ya hawa aliyemnyima jirani yake barabara.

Kilifi ina mchanganyiko huohuo tayari. Lami ya Mombasa hadi Malindi inapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede. Ukiingia bara kidogo tu, murram nyekundu inaanza, na juu yake kuna baiskeli za Blackmamba zenye mitungi minne ya maji kwenye karia, zinazosukumwa na watu wasiojua kwamba wanafanya mazoezi. Mlima hakuna, ila kuna upepo. Agosti, masika yakiwa yamekwisha na kusi bado ikivuma, mbio za siku moja zingeweza kuondoka Kilifi na upepo mgongoni kilomita zipatazo 60 hadi Malindi, zikakata kushoto kuelekea Kakoneni, kisha zikarudi kusini kwa vumbi kupitia Vitengeni na Ganze, kusi ikiwapiga waendeshaji usoni hadi daraja la Kilifi lionekane. Mgeni mwenye tairi la bei ghali angefika Malindi akicheka. Kuanzia Kakoneni ndipo angehitaji kumfuata mwenyeji.