Gitaa Kavu: Asili ya Neno na Safari ya Ala

Wapenzi wa gitaa wana mazungumzo yao. Wakikutana watatu au wanne, mmoja akiwa amepakata ala, haupiti muda kabla ya ubishi kuanza: nyuzi hizi ni nene mno, gitaa lile linalia vizuri kuliko hili, fulani alicharaza solo lakini besi ilimzidi, na nyimbo za zamani zilipigwa kwa gitaa kavu, ndiyo maana zilikuwa na utamu. Mtu asiye wa kundi lao ataelewa karibu kila neno, kwa kuwa ni Kiswahili cha kila siku. Bali moja litamsimamisha. Gitaa ni mbao na nyuzi. Lawezaje kuwa kavu, na lile lisilo kavu lina majimaji gani?

Swali hili laonekana dogo, wala halikupewa nafasi kubwa na wachunguzi wa Kiswahili. Lakini neno hili likifuatwa hadi lilikotoka, laonyesha jambo lisilotazamiwa: kwamba Afrika ya Mashariki ilipokea jina la ala hii kutoka upande mmoja, na namna moja mashuhuri ya kuipiga kutoka upande mwingine, na kwamba pande hizo mbili zilikutana katika vinywa vya wapigaji na wasikilizaji ambao hawakuwa na kamati wala kamusi.

Kabla ya gitaa lilikuwapo neno kinanda. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 juu ya lugha ya Unguja, alilifasiri kuwa ni ala ya nyuzi, akaongeza kwamba lilitumiwa kwa ala nyingi za Kizungu. Neno lilikuwa tayari kumpokea mgeni. Gitaa lingaliweza kuitwa kinanda bila ya mtu kushangaa, maana halikuwa mbali sana na gambusi na udi, ala ambazo watu wa pwani walizijua tangu zamani. Mambo hayakwenda hivyo. Vikaja vinanda vya kanisani. Ikaja santuri, na mashine yake nayo watu wakaiita kinanda. Neno likaondoka katika nyuzi likahamia kwenye vibao vya kubonyeza na sahani za kuzunguka. Gitaa lilipoenea mijini, chumba ambacho lingekaa kilikuwa kimekwisha kupata mpangaji, ikalazimu lije na jina lake lenyewe.

Jina hilo lasema waziwazi lilikopita. Gitaa halina r mwishoni. Limeingia kama lilivyosikika katika Kiingereza cha Uingereza, ambamo r ya mwisho haitamkwi na irabu huvutwa. Na kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, irabu ikaandikwa mara mbili ili mkazo ubaki pale Mwingereza alipouweka. Motokaa ni vivyo hivyo, na baa ya kunywea ni vivyo hivyo. Kinyarwanda, kilichokaa karibu na Kifaransa, husema gitari: r imo, na irabu imeongezwa ili neno lisiishie kwa konsonanti. Wako waandikao gita, kwa a moja. Tahajia hiyo huuhamishia mkazo katika silabi ya kwanza, jambo ambalo wasemaji wengi wa Tanzania na Kenya hawalifanyi, kwa hiyo yafaa gitaa liendelee kuandikwa gitaa.

Basi jina lilikuja na Kiingereza. Vidole navyo? Kwa vidole ni sharti kutazama magharibi, kwenye migodi ya shaba ya Katanga.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Migodi yake ilikusanya watu wa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya makambi. Zamani ilidhaniwa kwamba lugha hiyo iliachwa huko na misafara ya wafanya biashara wa pwani tu. Johannes Fabian, katika kitabu cha mwaka 1986, alionyesha jinsi utawala wa kikoloni na siasa yake ya kuajiri wafanya kazi ulivyohusika katika kuieneza. Hata hivyo uhusiano wa kale na mashariki haukuwa hadithi tupu. Bunkeya ulikuwa mji wa Msiri, aliyeuawa mwaka 1891 wakati wa msafara wa Kapteni Stairs, nao Wayeke aliowatawala walitoka sehemu za Unyamwezi. Miongoni mwa Wayeke hao, na katika mji huo huo wa Bunkeya, alizaliwa Mwenda Jean Bosco mwaka 1930.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akinasa muziki wa wenyeji, alimkuta Bosco katika mji wa Jadotville, ambao sasa huitwa Likasi. Mojawapo ya nyimbo alizozinasa ni Masanga, nao ulimfanya kijana yule ajulikane mbali kuliko alivyopata kusafiri. Santuri zake zilitolewa kwa chapa ya Gallotone. Jina hilo hilo lilibandikwa pia juu ya magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika ya Kusini, hata kijana wa mjini aliweza kujifunza nyimbo za Bosco kutoka katika sahani iliyoandikwa jina lile lile lililokuwa kwenye gitaa lake.

Bosco alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba lilishughulika na nyuzi nene, cha shahada na nyuzi nyembamba, na kila kimoja kilikuwa na mwendo wake, hata msikilizaji asiyeona angedhani kuna wapigaji wawili wanaojibizana. David Rycroft wa Chuo Kikuu cha London aliufuata mwendo huo noti kwa noti katika makala alizochapa mwaka 1961 na 1962 katika jarida la African Music. Yafaa ikumbukwe kwamba Rycroft alikuwa mtaalamu wa lugha, hasa Kizulu na Kiswati. Sikio lililozoea kupima tani za maneno lilipata kazi iliyolifaa katika nyuzi sita za Mkatanga aliyeimba Kiswahili.

Mwaka 1959 Bosco alifika Nairobi. Alikuwako huko pamoja na Edouard Masengo, naye ni Mkatanga, na gitaa lake likasikika hata katika matangazo ya dawa ya Aspro redioni. Mtu aweza kucheka kwamba sanaa kubwa namna ile ilitumika kuuza vidonge vya kichwa, lakini tangazo la redio hurudiwa kila siku, na kijana mwenye gitaa hujifunza kwa kurudia. Kenya ya magharibi nayo ilikuwa na mabingwa wake. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa na mtindo wa vidole ulioitwa omutibo, na chupa ya soda ikigongwa kando kushika mwendo. Mitindo hii miwili haikuwa kitu kimoja, ila iliishi jirani, na wasikilizaji wake walikuwa wale wale.

Katika siku hizo hapakuwa na haja ya kuliita gitaa kavu. Magitaa yote waliyoyajua watu wengi yalikuwa makavu, na sifa ambayo kila kitu kinayo haitajwi. Ni umeme uliolifanya neno hili liwe na kazi. Mwaka 1953 Bill Alexandre, mpiga gitaa kutoka Ubelgiji, alifika Léopoldville, naye ndiye asemwaye kuwa alileta huko magitaa ya umeme ya kwanza. Vijana kama Franco na Nico waliyashika, na baada ya miaka michache sauti yao ilivuka maziwa kwa redio na santuri. Tanganyika ilikuwa na bendi zake tangu zamani, Dar es Salaam Jazz tangu miaka ya 1930 na Morogoro Jazz tangu mwaka 1944. Nazo zikaingia katika vipaza sauti na nyaya. Hapo neno moja likawa na watoto wawili. Mambo kama hayo yametokea tena katika siku za karibuni: simu ya mezani ilikuwa simu tu, mpaka simu ya mkononi ilipofika ikailazimisha ile ya kwanza kutafuta jina la pili.

Inabaki kueleza kwa nini likachaguliwa neno kavu. Lingaliweza kuwa gitaa la kale, au gitaa la mkono, au gitaa bubu.

Kuna maelezo mawili, na kila moja lina nguvu. La kwanza ni la Kifaransa. Wafaransa na Wabelgiji huliita gitaa lisilo la umeme guitare sèche, yaani gitaa kavu neno kwa neno. Katanga na Léopoldville zilikuwa chini ya utawala uliosema Kifaransa, na wanamuziki wa huko waliokuja mashariki walikuja na ala zao na maneno yao. La pili ni la Kiswahili chenyewe. Mkate mkavu waweza kuwa mbichi na laini, umetoka jikoni sasa hivi. Huitwa mkavu kwa kuwa hauna cha kuupaka. Wali mkavu ni wali usio na mchuzi. Katika matumizi haya kavu si kinyume cha majimaji, ni kinyume cha kitoweo. Gitaa lisilo na umeme, lisilo na kipaza sauti, lisilo na bendi nyuma yake, lingeitwa nini ila kavu?

Mwenye kupenda lugha yake atavutwa na maelezo ya pili, lakini ushahidi hauruhusu kuyaacha ya kwanza. Kama kavu lingekuwa limezuka kwa maana ya kitoweo tu, lingetazamiwa kuenea kwenye ala nyingine, na watu wangesema zeze kavu na udi mkavu. Hawasemi hivyo. Sifa hii imeng'ang'ania gitaa kama ilivyong'ang'ania katika Kifaransa, na bahati peke yake haitoshi kuelezea hilo. Kwa upande mwingine, tafsiri nyingi za neno kwa neno hufa siku ile ile zinapozaliwa. Hii iliishi, tena katika nchi ambamo wasemaji wengi hawajui Kifaransa hata kidogo, kwa sababu masikio yao yalikuta ndani yake wali na mchuzi. Yamkini ndiyo hali halisi: mbegu ni ya kigeni, na udongo ulikuwa umelimwa zamani. Watu walioweza kuulizwa walilisikia lini kwa mara ya kwanza wamepungua. Bosco alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari. Fundi Konde, aliyepiga gitaa katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa vita vya pili vya dunia na baadaye akawa mmoja wa wakongwe wa Kenya, alifariki mwaka 2000. Maneno ya jahazi yamekusanywa kwa uangalifu unaostahili sifa. Maneno ya jukwaa la dansi yameachwa yapotee pamoja na wenyewe.

Nayo si machache. Katika kueleza sauti, Kiingereza hutumia hasa juu na chini. Kiswahili kinayo njia hiyo, ila kinayo na nyingine ya tangu zamani, ya unene: sauti nene, sauti nyembamba. Kwa mwimbaji hii ni sitiari. Kwa mpiga gitaa si sitiari tena, kwa kuwa uzi mnene ndio utoao sauti nene na mwembamba ndio utoao nyembamba, na jicho laweza kuhakikisha lilichosikia sikio. Umeme ulileta utata upande ule wa juu na chini, kwani mtu akiambiwa apandishe sauti hajui kama aukaze uzi au ageuze kitufe. Akiambiwa sauti yake ni nene, hana shaka.

Kadhalika gitaa hulia. Mfasiri asidhani kwamba lina huzuni. Kengele hulia, ndege hulia, bunduki hulia, na mpenzi wa gitaa akisema "linalia hilo" amelisifu sana. Vitenzi vya mpigaji ni vikali zaidi. Kupiga ni cha ala zote. Kucharaza ni cha bakora pia, na mtu aliyecharazwa mgongoni hatafurahi kama gitaa lililocharazwa. Ukali wa mkono umebaki, maumivu yameondoka.

Jambo la mwisho ni la mgawanyo wa kazi. Bendi ilipopata magitaa matatu, majina ya kazi zao yakatoka ng'ambo: solo, ridhimu, besi. Lakini jina la ule mwendo wote kwa jumla, lile ambalo watu waliitia bendi na kubishania, lilitafutwa nyumbani, tena mara nyingi katika ngoma. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilijulikana kwa msondo. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, kwa sikinde, ngoma ya Wazaramo. Sehemu zikaitwa kigeni na kitu kizima kikaitwa kienyeji.

Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, ambaye bendi yake ilikwenda Osaka kwenye maonyesho ya mwaka 1970, na ambaye aliunda Super Volcano kabla ya kufariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, alipewa na mashabiki jina la Soloist National. Maneno yote mawili ni ya Kiingereza, wala hapana Mwingereza ambaye angeyapanga hivyo. Jina limetangulia na sifa imefuata, kama katika gitaa kavu. Na msomaji makini atakuwa amekwisha kuona kwamba Kifaransa nacho kingeyapanga vile vile.