Umehamia kampuni mpya ya intaneti na kasi imeshuka? Pima hivi kabla hujampigia fundi

Ofa ilivutia: megabiti nyingi kuliko za kampuni ya zamani, bei ile ile. Fundi akaja, akatoboa ukuta, akaacha ruta mpya inawaka taa. Siku mbili baadaye mkutano wa kazi unakatika na filamu inazunguka tu.

Hali hii inawakuta wengi Nairobi, ambako mitaa kadhaa sasa ina zaidi ya kampuni moja ya kuchagua. Na kwa kuwa kifurushi hulipiwa kabla ya kutumika, ni vyema ujue mapema shida iko wapi: kwenye waya wa kampuni au ndani ya nyumba yako.

Kuna njia moja ya kujua. Chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya wa mtandao, zima waifai ya laptopu, toa simu na TV kwenye mtandao, kisha pima kwa fast.com au Speedtest. Rudia asubuhi, mchana na saa mbili usiku. Piga picha ya skrini kila mara, utazihitaji.

Soma namba vizuri. Kampuni huuza megabiti, lakini faili unalopakua huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kifurushi cha 40 kinakupa megabaiti 5 kwa sekunde, basi. Hapo hujaibiwa.

Kama kwa waya kasi ni ile uliyolipia, kampuni imetimiza yake na shida ni waifai. Kusema kweli, hapa ndipo kesi nyingi huishia. Fundi huwa na haraka, anaiacha ruta pale waya ulipoingilia: kando ya mlango au nyuma ya TV. Ile ya zamani pengine ilikaa katikati ya nyumba. Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya 5 GHz yana kasi lakini huchoka haraka yakikutana na ukuta, na kuta zetu za mawe hazina huruma. Ya 2.4 GHz hufika mbali, ila ni ya polepole, na kwenye ghorofa yenye nyumba 40 unagombania njia hiyo hiyo na majirani wote. Kama ruta imeunganisha yote mawili kwa jina moja, simu inaweza kung'ang'ania ya polepole hata ukiwa sebuleni. Ingia kwenye mipangilio uyape majina tofauti, kisha TV na laptopu ziweke kwenye 5 GHz. Halafu mwambie fundi aongeze waya, ruta ihamie katikati. Ni mita chache tu, usikubali aseme haiwezekani.

Kama hata kwa waya kasi ni ndogo, angalia muda. Ikiwa ni mbaya saa zote, shuku waya wenyewe. Faiba haipendi kukunjwa, na kochi likiubana mwanga unapungua. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kabisa. Ikiwa haijawaka lakini kasi ni duni, mwombe fundi apime nguvu ya mwanga. Ikiwa dhaifu kuliko -27 dBm, hiyo ni kazi yake kurekebisha.

Ikiwa asubuhi ni safi na usiku ndiyo balaa, huo ni msongamano. Katika mfumo wa faiba unaotumika sana majumbani, uitwao GPON, takriban gigabiti 2.5 hugawanywa kwa nyumba 32, wakati mwingine 64. Wote wakifungua filamu saa mbili, mnagawana. Setilaiti nayo haijapona: Novemba 2024 Starlink ilisimamisha usajili wa wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu mtandao ulikuwa umejaa. Fundi hawezi kutatua hili akiwa sebuleni kwako, ni kampuni iongeze uwezo.

Uliza pia kuhusu kikomo cha matumizi. Vifurushi vingine vinavyoitwa bila kikomo hupunguzwa kasi ukivuka kiwango fulani, na habari hiyo huandikwa kwa herufi ndogo.

Halafu kuna siku ambazo hata hiyo kampuni mpya haina kosa. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Kenya na Tanzania zikahisi. Kabla hujakasirika, uliza jirani wa kampuni nyingine kama naye analia.

Ukishapata ushahidi, andika malalamiko badala ya kupiga simu tu, taja saa na vipimo, na udai namba ya malalamiko. Wasipokujibu, ipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA), ambayo hutaka uwe umeanza na kampuni kwanza.

Na kama kifurushi cha zamani bado kina siku, usirudishe ruta yao kwanza. Pima zote mbili usiku mmoja, saa ile ile, laptopu ile ile.