Msasi, Mbwa na Choroa wa Nyika ya Bura

NENO ‘msako’ siku hizi limekuwa mali ya polisi. Tunasikia msako wa chang’aa, msako wa magendo, msako wa matatu mbovu. Lakini kitenzi chake, saka, kilizaliwa porini. Atendaye ni msasi, na aghalabu msasi huandamana na mbwa. Ndiyo maana wahenga walinena kuwa mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Chukua Bura ya Taita (si ile ya Tana River, ambayo watu huichanganya nayo kila mara). Ukitoka vilimani ukashuka upande wa Voi, unakutana na nyika: nyasi, vumbi jekundu, kichaka hapa na kingine kule. Mwindaji hana pa kujificha. Mshale haufiki mbali, naye choroa humwona mtu kitambo kabla hajamkaribia.

Hapo ndipo mbwa anapohitajika. Wengi hudhani kazi yake ni kuua. Wapi! Mbwa gani atamwangusha pofu, ambaye dume lake huweza kufikia kilo 900? Kazi ya mbwa ni kumsimamisha mnyama. Pofu si mwepesi kama swala wengine, ila ana pumzi. Hujiendea mchakamchaka hadi mtu achoke. Choroa naye akizongwa hugeuka, huinamisha kichwa na kuelekeza zile pembe zilizonyooka kama mikuki, dume na jike sawia. Hata simba wamewahi kuuawa nazo, sembuse mbwa asiyejua kukwepa. Lakini anapowakabili mbwa, amemsahau mtu. Msasi anazipata zile hatua chache alizozikosa.

Ujuzi huu uligeuzwa hatia, na si kwa wote kwa pamoja. Mnamo 1911 tajiri Mmarekani, Paul Rainey, alileta kundi la mbwa wake Kenya kuwinda simba, na filamu ya safari yake ikaonyeshwa kwao mwaka uliofuata. Huyo aliitwa mwanaspoti. Mwenyeji asiye na leseni aliitwa jangili. Mwaka 1948 Tsavo ikatangazwa mbuga ya taifa. Leo takriban asilimia 62 ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga. Mnamo 1956 na 1957 ikaendeshwa kampeni kali dhidi ya wawindaji wa Kiwaata, mabingwa wa upinde na ndovu, na wengi wakafungwa. Waliosaka wakasakwa. Wenye leseni waliendelea na bunduki zao hadi 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji.

Sidai marufuku hiyo iondolewe. Choroa waliobaki si wa kuchezewa. Linalonikera ni jingine. Huwauliza wanafunzi wangu wanaotoka pande hizo wanitajie wanyama wa kwao. Wananitajia kwa Kiingereza, majina yote, bila kusita. Nikiwauliza choroa ni nani, wananitazama tu.